Brigedia Jaji Ramadhani na Mlango wa Mgombea Binafsi

Askari anayeishi Kagugu, katika sekta ya Kinyinya jijini Kigali, hana haja ya kuelezwa kwamba sare aliyoivaa imemnyima kadi ya chama cha siasa. Katiba ya Rwanda inamkataza mwanajeshi, polisi na jaji kujiunga na chama chochote. Mkewe yu huru kwenda kwenye mkutano wa kampeni na kurudi na fulana yenye picha ya mgombea. Bwana ataiona kwenye kamba ya nguo, wala haitaingia mwilini mwake. Siku ya uchaguzi atapiga kura yake kwa siri kama raia wengine, na siasa yake itakoma hapo.

Nchini Tanzania katazo ni hilo hilo. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilipiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama, na neno hilo "mwanajeshi" likafafanuliwa kuwa ni pamoja na askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Ibara nyingine iliwafunga majaji na mahakimu kwa kamba ile ile.

Ndugu msomaji, makala haya yanamhusu mtu aliyefungwa na kamba zote mbili kwa wakati mmoja. Augustino Stephen Lawrence Ramadhani alikuwa Brigedia Jenerali wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na huku ni Jaji wa Mahakama ya Rufani. Alipokwisha kustaafu jeshi mwaka 1997, na Ujaji Mkuu wa nchi yake mwaka 2010, aliingia katika siasa waziwazi na mwaka 2015 akaomba kuteuliwa agombee urais. Ilimpasa kuomba kupitia chama, kwa sababu nchini mwake hapana njia nyingine. Kesi iliyotaka ifunguliwe njia ya pili, yaani ya mgombea binafsi asiye na chama, ilikuwa imefika mbele yake mwenyewe akiwa Jaji Mkuu, na wenye kudai njia hiyo walishindwa.

Wako waliocheka walipoikumbuka hukumu ile. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kucheka. Ukiyafuata maisha ya Ramadhani tangu mwanzo, utaona kwamba jambo lile lilikuwa na mantiki yake, hata kama si lazima ukubaliane nayo.

KISIMA MAJONGOO HADI JESHINI

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1945 katika mtaa wa Kisima Majongoo, mjini Unguja. Jina lake la ukoo liliwapoteza wengi: walimdhania Mwislamu, kumbe familia yake ilikuwa ya Waanglikana wa Zanzibar, wale ambao babu zao walilelewa na misheni ya UMCA iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Baba yake alikuwa mwalimu, na watoto wa mwalimu huhama na uhamisho wa baba. Hivyo kijana wa Unguja alisomea bara, akapitia shule ya sekondari ya wavulana ya Tabora, ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa kitalu cha watumishi wa serikali.

Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga alipoingia. Kilifunguliwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kwa sababu nchi ilikuwa inajipatia uhuru na wanasheria Waafrika waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono. Ramadhani alipata shahada yake mwaka 1970. Wenzake wengi walikwenda katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au katika mahakama za mikoa. Yeye aliingia jeshini.

Yafaa tukumbuke jeshi lile lilikuwa na umri gani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, serikali ikayumba, na kikosi kizima kikavunjwa. Jeshi la Wananchi lilianzishwa Septemba mwaka huo huo kwa msingi mwingine, na mwaka 1966 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa. Sheria ikishaandikwa inahitaji watu wa kuitumia. Kamanda wa kikosi aweza kuwa hodari wa ramani na mizinga, lakini askari wake akishitakiwa kwa wizi wa mali ya raia, ni lazima pawe na mtu anayejua hati ya mashitaka huandikwaje, shahidi huhojiwa vipi, na ni wakati gani mshitakiwa ana haki ya kunyamaza. Kazi hiyo haina nishani. Pia ina kishawishi chake, maana mwanasheria wa jeshi ana cheo, yuko chini ya amri, na huenda mkubwa wake anataka mtu fulani atiwe hatiani kabla ya chakula cha mchana. Anayejifunza sheria mahali pa namna hiyo hujifunza mapema kutofautisha amri na hukumu.

Mwaka 1978 alipelekwa Zanzibar kuwa Naibu Jaji Mkuu. Hakukaa sana. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera, na vita vile, vilivyofika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, vikamrudisha katika shughuli za sheria za jeshi. Maelfu ya askari walikuwa ugenini, wenye silaha, katikati ya maduka yaliyovunjwa. Wazee waliokuwako wanajua kwamba hapo ndipo nidhamu ya jeshi hupimwa, hata kuliko kwenye mstari wa mbele.

JAJI MKUU WA VISIWA

Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 34, Ramadhani akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Alikaa hapo miaka tisa, chini ya marais watatu: Aboud Jumbe, Ali Hassan Mwinyi na Idris Abdul Wakil.

Mtu wa leo aweza kudhani kwamba Jaji Mkuu ni Jaji Mkuu tu, popote alipo. Zanzibar ya wakati ule haikuwa hivyo. Tangu kuanza kwa miaka ya 1970 palikuwa na mahakama za wananchi, ambamo waliokaa kuhukumu hawakuwa wanasheria, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama kumtetea mtu. Waliozianzisha walisema kwamba sheria za mkoloni zilikuwa za matajiri, na kwamba mtu wa kawaida alipotea katika maneno ya Kiingereza. Dai hilo halikuwa la uongo. Lakini mama aliyekuwa na mwana kizuizini hakuweza kumtafutia wa kumsemea, na hapo ubaya wake ulionekana.

Katiba mpya ya Zanzibar ya mwaka 1984 iliandika haki za raia, na mwaka uliofuata mahakama zikapangwa upya, mawakili wakarudi. Ramadhani ndiye aliyekuwa kwenye kiti katika kipindi hicho cha kuvuka kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine. Kumbuka vilevile kwamba wakati wote huo aliendelea kuwa mwanajeshi, na kwamba hizo zilikuwa enzi za chama kimoja, ambapo kambi zilikuwa na matawi ya chama na hakuna aliyeona ajabu. Twasema haya ili msomaji asiwapime watu wa mwaka 1985 kwa kipimo cha mwaka 1992.

Tarajio la wengi lingekuwa kwamba mtu aliyekuja kutoka jeshini na kukaa katika serikali ya mapinduzi angekuwa jaji wa kupiga meza. Hukumu zake za baadaye zinaonyesha kinyume. Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza: je, hili ni langu kuamua?

KAMBA YA KITANZI

Mwaka 1989 alihamia Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyo juu ya mahakama zote za Bara na, kwa mambo mengi, za Visiwani. Baada ya muda mfupi ikaja kesi iliyougusa moyo wa kila familia yenye mtu gerezani.

Haki za raia zilikuwa zimetiwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1988 mtu aliweza kwenda mahakamani kuzidai. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Mbushuu na mwenzake waliotiwa hatiani kwa mauaji, aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamdhalilisha binadamu, na kwa hiyo inavunja Katiba. Badala ya kitanzi akatoa kifungo cha maisha. Kwa Afrika ya wakati ule hukumu hiyo ilikuwa ya kuthubutu. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifikia uamuzi wa namna hiyo mwaka uliofuata.

Rufani ilisikilizwa na majaji watatu, Ramadhani akiwa mmoja wao, na uamuzi ukatolewa Januari 1995. Mahakama ya Rufani ilikubali nusu ya kwanza ya hoja ya Mwalusanya: ndiyo, kunyonga ni ukatili na ni udhalilishaji. Kisha ikasema kwamba Katiba yenyewe inaruhusu haki ziwekewe mipaka kwa manufaa ya jamii, na kwamba kuamua kama adhabu hiyo bado inahitajika ni kazi ya jamii kupitia sheria zake, wala si kazi ya majaji. Adhabu ya kifo ikabaki.

Msomaji wa Kigali atapenda kujua kwamba nchi yake ilipita njia ile ambayo hukumu hiyo ilikuwa imeielekeza. Aprili 1998 watu 22 waliotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari walipigwa risasi hadharani nchini Rwanda. Miaka tisa baadaye, Julai 2007, Rwanda iliifuta adhabu ya kifo kwa sheria iliyopita bungeni. Kilichoisukuma kilikuwa pia hesabu ya kisheria: mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha isingekubali kuwarudisha Rwanda washitakiwa wa mauaji ya kimbari ikiwa kitanzi au risasi iliwangoja. Kwa hiyo katika nchi iliyojeruhiwa kuliko zote katika eneo letu, adhabu hiyo iliondolewa na watunga sheria. Mwezi huo huo wa Julai 2007, Ramadhani aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Nchini Tanzania bunge halikuifuta. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, lakini majaji wameendelea kuitamka hukumu hiyo, na waliohukumiwa wameendelea kuishi katika vyumba vyao wakisikiliza funguo za askari magereza. Hapa ndipo udhaifu wa msimamo wa Ramadhani unapoonekana. Jaji asemapo "nendeni bungeni", na bunge lisitake kusikia, mtu aliyekuja kudai haki yake hurudi nyumbani mikono mitupu.

MCHUNGAJI MTIKILA

Kesi iliyotajwa mwanzoni ilikuwa ya Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Ludewa asiyekubali kunyamaza, aliyezoeana na kizimba kama wengine wanavyozoeana na baraza ya nyumba. Alidai kwamba raia asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama ndipo aweze kugombea uongozi. Mwaka 1994, huko Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi. Serikali ikajibu kwa kubadili Katiba yenyewe, ikaandika waziwazi kwamba mgombea ni lazima adhaminiwe na chama. Mtikila akafungua kesi tena mwaka 2005, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa mara ya pili. Mwanasheria Mkuu akakata rufani.

Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Ramadhani, walitoa uamuzi. Kwa kawaida huketi watatu. Kuketi saba ni dalili ya uzito wa jambo. Palikuwa na maprofesa wawili walioalikwa kama marafiki wa mahakama, Palamagamba Kabudi na Jwani Mwaikusa. Profesa Mwaikusa, ambaye huko Arusha alikuwa wakili wa utetezi katika kesi za Wanyarwanda, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam mwezi uliofuata, Julai 2010.

Swali lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Sheria ya kawaida ikipingana na Katiba, jaji huitupa. Lakini je, ikiwa kinacholalamikiwa ni kifungu cha Katiba yenyewe, kilichoingizwa kwa kura za theluthi mbili za wabunge kama inavyotakiwa, jaji anayo mamlaka ya kukifuta kwa kutumia kifungu kingine cha Katiba hiyo hiyo? Saba wale walisema hapana. Suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, walisema, na mwenye kuliamua ni Bunge. Hata hivyo hawakuishia hapo. Waliwakumbusha Mwanasheria Mkuu na Bunge kwamba Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imekwisha kusema kuwa haki ya kugombea isiwekewe sharti lisilo na sababu la kuwa mwanachama wa chama.

Ukiusoma uamuzi huo kando ya ule wa 1995, utaona mkono mmoja. Jambo ni baya, au angalau lina kasoro, lakini ufunguo hauko kwangu. Kwa maoni yetu hukumu ya 2010 ilikuwa dhaifu zaidi kuliko ile ya kwanza. Adhabu ya kifo ni jambo ambalo mbunge hana faida nalo binafsi. Mgombea binafsi ni mshindani wa mbunge. Kumwambia mtu akaombe ruhusa kwa wale wale watakaoshindana naye ni kumpeleka kisimani kwa mwenye kisima aliyekwisha kumfukuza mara moja.

Jirani wa Rwanda, tena, hushangaa kusikia habari hizi. Katika uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, Philippe Mpayimana aligombea bila chama, na akagombea tena Julai 2024. Alipata kura chache mno mara zote mbili, lakini jina lake lilikuwapo kwenye karatasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea wa namna hiyo, na Uganda vilevile.

ARUSHA

Mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Mtikila, Julai 2010, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Kampala, Ramadhani alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye majaji 11 na makao yake Arusha. Mnyarwanda mmoja alikuwa amekwisha kuiongoza: Jean Mutsinzi, Rais wa mahakama hiyo kuanzia 2008 hadi 2010. Ramadhani hakuwa mgeni wa mji huo wala wa kazi ya kimataifa, kwani mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki.

Mtikila alimfuata huko huko. Alishitaki nchi yake mbele ya Mahakama ya Afrika pamoja na mashirika ya wanasheria, na tarehe 14 Juni 2013 alishinda: kumlazimisha raia awe na chama ili agombee kunavunja Mkataba wa Afrika. Ramadhani hakuketi katika shauri hilo. Itifaki ya mahakama hiyo inamtaka jaji ajitoe nchi yake inaposhitakiwa, na kwa mwaka ule haikuwa na haja ya kumshurutisha yeyote kuona sababu. Miaka sita baadaye, Novemba 2019, naye akiwa amekwisha kuondoka, mahakama hiyo hiyo iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba sheria ya Tanzania inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, asiweze kupima hali yake, inavunja haki ya kuishi. Mara mbili, basi, jambo alilolikuta likiwa si la mahakama za nyumbani liliamuliwa na mahakama ya Arusha. Novemba hiyo hiyo ya 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kwenda Arusha moja kwa moja.

Rwanda ilikuwa imetangulia kufanya hivyo, na Ramadhani ndiye aliyekuwa Rais wa mahakama. Mwaka 2014 Victoire Ingabire Umuhoza, mwanasiasa wa upinzani aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 15, aliishitaki Rwanda. Mapema mwaka 2016, kesi ikiwa mezani, serikali ya Kigali ilitangaza kuliondoa tamko lake, ikisema kwamba nafasi hiyo ilikuwa ikitumiwa na watu waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Je, nchi iliyoingia kwa hiari yaweza kutoka kwa hiari? Tarehe 3 Juni 2016 mahakama ilijibu kwamba yaweza. Ila sharti itoe taarifa ya mwaka mzima, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yataendelea. Kwa hiyo kuondoka kwa Rwanda kulihesabiwa kuanzia Machi 2017, na hukumu ya shauri lile ikatolewa Novemba mwaka huo, ikiona kwamba baadhi ya haki za mlalamikaji zilivunjwa, ikiwamo ile ya kutoa maoni.

Katika uamuzi wa Juni 2016 afisa wa jeshi aweza kuitambua tabia ya mwenzake. Mtu akiomba kuacha kazi, ana haki ya kuacha. Lakini hukabidhi lindo kwanza.

FOMU ZA DODOMA

Tumerudi sasa kwenye mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Rais Jakaya Kikwete alikuwa amemteua Ramadhani kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Joseph Warioba, ambaye naye ni mwanasheria, aliyekuwa Waziri Mkuu na baadaye jaji wa kimataifa. Rasimu ya tume hiyo ilijulikana zaidi kwa pendekezo la serikali tatu. Ndani yake mlikuwa pia na jambo ambalo halikupigiwa kelele sana: ruhusa ya mgombea binafsi. Yaani mtu aliyesema mwaka 2010 kwamba mlango haufunguliwi na jaji, sasa alikuwa mmoja wa waliopeleka ufunguo mahali alipokuwa amesema upelekwe. Rasimu haikufika kwenye kura ya maoni kwa sura ile, na mchakato mzima ukakwama.

Ndipo Juni 2015 alipokwenda kuchukua fomu za Chama Cha Mapinduzi. Utaratibu ulimtaka mwombaji azunguke mikoa 15, ya Bara na ya Visiwani, akusanye wanachama 450 wa kumdhamini. Zaidi ya watu 30 walirudisha fomu, wakiwamo mawaziri, mawaziri wakuu wa zamani na makamu wa rais. Miongoni mwao alikuwamo Brigedia Jenerali mstaafu wa miaka 69, aliyekwisha pia kupewa ukasisi katika kanisa lake.

Lililowasumbua watu, na lilistahili kuwasumbua, ni kwamba siku ile alikuwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika. Askari hawezi kuomba kadi ya chama Jumatatu na kupanga lindo Jumanne. Amevua gwanda kwanza. Jaji wa mahakama inayopokea mashitaka dhidi ya serikali angalitangulia kujiuzulu, kisha achukue fomu. Hakufanya hivyo, na kwa mtu aliyekuwa mwangalifu kiasi kile kuhusu mipaka ya kiti chake, ni jambo gumu kulieleza. Au labda alijua hesabu za chama kuliko wengine na hakutarajia kufika mbali.

Hakufika. Mwezi Julai, mjini Dodoma, vikao vya chama vilibakiza majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na January Makamba. Jina lake halikuwamo. Tarehe 12 Julai Magufuli alitangazwa. Kwa mtu aliyekatwa majina na chama, sheria haikuacha pengine pa kwenda isipokuwa kuhamia chama kingine, kama Edward Lowassa alivyofanya majuma machache baadaye. Ramadhani alirudi Arusha, akaendelea na kazi hadi muhula wake ulipomalizika Septemba 2016.

Mchungaji Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, majuma matatu kabla ya uchaguzi, akiwa na hukumu ya Arusha mkononi isiyotekelezwa. Jaji Ramadhani alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 74. Miezi sita kamili baadaye, tarehe 28 Oktoba, Watanzania walipiga kura tena. Karatasi ya urais ilikuwa na majina 15, na kila jina lilikuwa na chama chake.